Tekla na Kasha la Kumi na Nne

Watu wakisikia kwamba Tekla alipima nyuki kwa zaidi ya miaka thelathini, hudhani alipima asali. Asali walipima wengine, na walipomaliza kupima walilamba vidole. Tekla alipima mabawa. Tena si mabawa yote manne aliyonayo nyuki. Alipima moja tu, la mbele, la upande wa kulia. Nikilieleza hili pale kijiweni Kwa Mrombo, wazee wenzangu huangua kicheko na kuniuliza serikali ilikuwa inatafuta nini kwenye bawa la nyuki. Zamani nilicheka nao. Siku hizi nawakatiza, kwa sababu mtu asiyeijua kazi ya mwenzake hana ruhusa ya kuicheka, na kwa sababu nyingine nitakayoisema mbele.

Mimi naitwa Ephraimu, Mmeru wa Maji ya Chai, na nilikuwa dereva wa kituo kimoja cha utafiti wa nyuki nje kidogo ya mji wa Arusha kuanzia mwaka themanini na tisa mpaka nilipostaafu. Tekla alikuja mwaka mmoja baada yangu. Alikuwa binti wa Kichagga kutoka Rombo, mwembamba, ana miaka ishirini na sita, amevaa sketi ya kijivu na viatu vya kamba kama mwanafunzi. Nilipewa kazi ya kumpokea stendi. Njia nzima hakusema kitu, ila tulipopita mashamba ya kahawa alinyoosha kichwa dirishani akautazama Mlima Meru, akasema Kilimanjaro ni mkubwa zaidi. Nikamwambia basi ashuke arudi kwao. Akacheka, na tangu siku hiyo tukawa tunataniana.

Arusha ya wakati ule ilikuwa na nafasi ya kupumua. Olasiti, anakokaa Tekla sasa, palikuwa mahindi na maharage mpaka macho yanachoka. Kwa Mrombo nilikojenga mimi palikuwa vichaka, na mke wangu alilia siku nilipompeleka kumwonyesha kiwanja. Asubuhi za mwezi wa saba baridi ilikuwa inauma kweli, na nilikuwa nalipasha moto Land Rover la kituo huku nikinusa nta na moshi kutoka kule nyuma walikokuwa wakiyeyusha masega. Harufu ile ikinijia leo, hata kwenye mshumaa wa kanisani, nasikia uchungu mtamu kifuani. Naikumbuka kazi yangu. Sioni haya kusema hivyo.

Kazi ya Tekla ilikuwa hivi. Sisi wa gari tulikwenda mizingani tukaleta nyuki kwenye chupa za spiriti. Yeye alimtoa nyuki mmoja mmoja, akamchomoa bawa la kulia kwa kibano, akalilaza katikati ya vioo viwili vidogo, akaziba kingo kwa gundi ya karatasi. Mabawa thelathini ya mzinga mmoja yalikaa kwenye kasha moja la mbao, na kasha lilikuwa na namba. Kisha alifunga mapazia ya chumba, akawasha projekta, na bawa ambalo ukipiga chafya linapotea likatokea ukutani, kubwa kama mlango. Hapo ndipo ungeona kwamba bawa lina mishipa, na mishipa inakutana, na pale inapokutana ni mahali kumi na tisa. Kwa kila nyuki ni kumi na tisa, awe wa Meru, wa Rombo au wa Ulaya. Tekla aliweka nukta ya penseli kwenye kila makutano, kisha akapima kutoka nukta hadi nukta. Penseli aliichonga kila baada ya mabawa matatu. Nilihesabu, maana mara nyingi nilikaa mle ndani nikimsubiri bosi, na mle ndani kulikuwa na joto.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asipime urefu tu akamaliza mapema akaenda nyumbani. Alizima projekta akanitazama kwa huruma. Akaniambia nifikirie mashati mawili ya shule, moja la mtoto wa darasa la kwanza na jingine la mtoto wa darasa la saba, yote yamekatwa na fundi mmoja. Ukubwa ni tofauti, umbo ni lile lile. Lakini fundi mwingine akishusha bega kidogo au akisogeza kwapa, hata shati likilingana kwa ukubwa, umbo limebadilika. Nyuki wa juu msituni na nyuki wa chini mashambani, alisema, wameshonwa na mafundi wawili. Tofauti yao ni mishipa miwili iliyosogea kidogo sana, na yeye alikuwa anatafuta kujua kama wanachanganyika, na kama siku moja wale wa mlimani watakwisha. Aliyasema hayo kwa furaha ya mtu anayesimulia habari za watoto wake. Mimi niliyashika, nikayarudia kwa kila abiria niliyempa lifti.

Nilimpa na jina, Mama Lebo. Kila chupa ya Tekla ilikuwa na lebo tatu: moja nje, moja kwenye kifuniko, na ya tatu ndani kabisa, imeandikwa kwa penseli ili spiriti isiifute. Kila kasha lilikuwa na lebo tatu. Kiti chake kilikuwa na lebo. Mwaka ule alipofiwa na mumewe nilikwenda Olasiti kumpa pole, na nilipoletewa chai nikaona kopo la sukari limeandikwa SUKARI mbele, nyuma na kwenye kifuniko. La chumvi vivyo hivyo. Nikasema mbele ya wageni kwamba Mama Lebo akizeeka atajibandika mwenyewe kwenye paji la uso asije akapotea. Watu walicheka, na yeye alitabasamu. Utani wa msibani unaruhusiwa, nilijiambia, na nikatia sukari.

Sasa niseme habari ya mwaka tisini na tano, maana kila kitu kimekaa juu yake.

Mwaka ule kituo kilifanya kazi kubwa ya kuuzunguka Mlima Meru wote. Makasha arobaini, mizinga arobaini, kutoka mashambani hadi juu kwenye ukungu. Upande wa magharibi, kule Olkokola, mwenyeji wetu alikuwa Loserian, Mwarusha mwenye ng'ombe, mahindi na mizinga. Mizinga yake mingine ilikuwa shambani karibu na zizi, na mmoja ulikuwa juu kabisa msituni, saa nne za kupanda kwa miguu. Nilitumwa Jumamosi moja kuleta nyuki wa mzinga wa juu. Peke yangu, kwa sababu msaidizi wangu aliugua.

Kesho yake, Jumapili, binti yangu Agnela alikuwa anapata kipaimara. Anayeifahamu Arusha anajua kipaimara cha mtoto wa kwanza ni nini. Ni mbuzi, ni maturubai, ni ndugu wa pande zote mbili, ni mchungaji kula nyumbani kwako. Viti mia vilikuwa Tengeru na sufuria kubwa zilikuwa kwa shemeji yangu, na mimi, dereva, nilikuwa nimewaahidi watu kwamba gari lipo. Gari la kituo, bila shaka. Nilifika kwa Loserian saa tatu asubuhi, mvua inanyesha, msitu haujulikani ulipoanzia. Nikahesabu saa nne za kupanda na saa tatu za kushuka. Nikaviona viti vyangu viko Tengeru na watu wamesimama.

Nikaenda zizini. Nikapuliza moshi kwenye mzinga wa shambani, nikajaza chupa, nikaandika lebo kwa mkono wangu: Olkokola, juu, msituni. Loserian alinitazama akiwa amejifunika blanketi lake. Aliniuliza kama wale nyuki wameshuka wenyewe au wameitwa. Nilimwambia nyuki ni nyuki. Saa sita nilikuwa Tengeru napakia viti.

Kipaimara kilifana. Mchungaji alikula mara mbili.

Chupa ile ikawa kasha la kumi na nne. Miezi minne baadaye mkuu wa maabara, mzee Solomoni, mtu msomi asiyejua kuongea taratibu, akaweka mezani hesabu za makasha kumi na manne yaliyokwisha kupimwa na kuona kwamba nyuki wa juu wote wamekaa upande mmoja, wa chini wote upande wa pili, na la kumi na nne, lililoandikwa juu, limekaa na wa chini. Alimwita Tekla. Tekla akapima upya mabawa yote thelathini, akapata vile vile. Akapima mara ya tatu, vile vile. Mzee Solomoni akasema basi mkono wake ni mzuri ila kichwa chake ni kibaya. Amechanganya chupa mezani. Nilikuwa nje kwenye gari, dirisha la maabara liko wazi, nikasikia kila neno. Tekla alikuwa ameandikwa aende masomoni nje mwaka mmoja. Wiki ile nafasi ikapewa mtu mwingine, na haikurudi tena.

Alitoka nje macho yamemwiva. Akaja moja kwa moja kwenye dirisha la gari.

"Baba Agnela, ile chupa ya Olkokola ya juu uliniletea yenyewe?"

"Yenyewe," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nilijiambia kwamba nikisema nafukuzwa kazi, na nina watoto wanne. Hiyo ilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba kasha moja kati ya arobaini si kitu. Hiyo niliitunga mwenyewe, na niliiamini kwa miaka thelathini.

Tekla alistaafu mwaka jana. Walimpa keki na blanketi. Mwaka huu mwezi wa sita nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha mke wangu sokoni Kwa Mrombo, kazi yangu ikiwa kumzuia asifanye kazi yake kwa maneno, nikamwona Tekla anakuja na kikapu. Amenenepa kidogo, nywele nyeupe chini ya kilemba, na bado ana viatu vya kamba. Alikuwa na furaha ambayo sikumwona nayo siku nyingi. Kituo kimemwita, alisema. Kuna binti mtafiti anaitwa Nice, mtoto mdogo kabisa, anapima nyuki wa Meru upya, mizinga ile ile, vijiji vile vile, aone kama umbo la mabawa limebadilika kwa miaka thelathini. Anataka kulinganisha na yale ya zamani. Yale ya Tekla. Baadhi ya lebo zina mwandiko wangu wa kuku, na huyo binti hawezi kuusoma, kwa hiyo nami natakiwa Jumatano.

Nilikwenda. Kituo kimepakwa rangi, na penye karakana ya masega pameegeshwa magari. Lakini makasha yalikuwa yamepangwa mezani, mbao ile ile, na nilipoinama nikanusa spiriti na gundi. Nice alinipa shikamoo, akanivutia kiti. Ana miaka ishirini na tisa. Kasha la kumi na nne limemzidi umri. Hatumii projekta. Bawa linapigwa picha, linatokea kwenye kompyuta, na nukta kumi na tisa zinawekwa kwa kubofya. Kisha kompyuta inayachukua mabawa yote, inayageuza yaelekee upande mmoja, inaondoa ukubwa, inayalaza moja juu ya jingine, na kinachobaki ni umbo peke yake. Nikasema hayo ni yale mashati ya shule. Tekla akacheka, akaniambia kumbe nilikuwa nasikiliza.

Nice alieleza kwamba kwanza alitaka kuujua mkono wa mama, maana mkono ukiyumba huwezi kusema nyuki ndio waliobadilika. Alimpa Tekla mabawa mia mbili ya zamani aweke nukta upya, bila kumwonyesha alichoweka ujanani. Tofauti kati ya nukta za Tekla wa miaka thelathini na moja na Tekla wa miaka sitini na moja ilikuwa ndogo kuliko unene wa penseli yake. Binti alisema hajawahi kuona mkono kama ule. Tekla aliangalia chini akajishika kilemba, na mimi nilijisikia fahari kana kwamba nilimzaa.

Kisha akasema tatizo. Kwenye faili la zamani kuna maneno ya mzee Solomoni kwamba mpimaji alichanganya chupa, kasha la kumi na nne. Wakubwa wa Nice wameyasoma. Wanasema mtu aliyechanganya mara moja anaweza kuwa alichanganya mara tano, na lebo ya chupa haithibitishi kitu. Ijumaa wanaamua. Wakiona hakuna maelezo, mwaka mzima wa tisini na tano unatolewa, makasha yote arobaini, na utafiti uanzie mwaka huu. Tekla alikuwa anajua habari hiyo tayari. Aliisikiliza huku anapanga vioo, uso wake haukubadilika.

"Labda nilichanganya kweli," alisema. "Siku zile nilikuwa na mimba ya Derick. Kichwa kilikuwa kinazunguka."

Nice, kwa nia njema tu ya kubadilisha mazungumzo, akaniuliza kama najua kwa nini makasha ya mwanzo yana lebo moja moja, na kuanzia la kumi na tano kila moja lina lebo tatu. Alidhani ilikuwa kanuni mpya ya kituo.

Nikayatazama makasha. La kwanza, lebo moja. La pili, moja. Mpaka la kumi na nne, moja, tena ya mwandiko wangu, imekatwa kutoka kwenye chupa ikabandikwa. Halafu yaliyofuata, yaliyojazwa baada ya siku ile ya mzee Solomoni, lebo tatu, lebo tatu, lebo tatu, mpaka mwisho wa meza. Nikamjibu binti kwamba sijui. Lakini nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimeona kopo la sukari, mbele, nyuma na kwenye kifuniko, na nikakumbuka nilivyowachekesha watu msibani. Ile haikuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Nilimtia mimi, kwa neno moja dirishani mwa gari.

Alhamisi nilikwenda Maji ya Chai kwa kaka yangu. Mpakani mwa shamba la baba yetu kuna masale, majani marefu ya kijani ambayo Wachagga, na sisi Wameru pia, huyapanda kuonyesha mpaka na huyatumia kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukamletea isale, halikataliwi. Hata kama umemchomea nyumba, akilipokea hana tena neno. Nikakata jani moja zuri, nikalifunga fundo, nikaliweka mfuko wa ndani wa koti. Kaka aliniuliza nimemkosea nani, nikamwambia ni habari ya zamani. Akasema ya zamani ndiyo huwa nzito.

Ijumaa nilifika kituoni kabla ya saa mbili. Tekla na Nice walikuwa maabara, wawili tu. Niliombwa nikae, nikakataa.

"Mama Derick," nikasema, "lile kasha hukulichanganya. Nyuki wale sikuwatoa msituni. Niliwachukua shambani kwa Loserian, karibu na zizi, halafu nikaandika juu. Nilikuwa nawahi viti vya kipaimara."

Tekla alikuwa ameshika kibano. Alikiweka chini taratibu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia, na safari hii sikutaja viti.

"Kwa hiyo sikuchanganya."

"Hukuchanganya."

Alikaa. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa tayari. Badala yake alivuta kasha la kumi na nne karibu, akakifungua kifuniko, akaanza kupitisha kidole juu ya vioo, kimoja kimoja. Alisema kwa sauti ndogo, wala si kwangu, kwamba alipima sawasawa. Kwamba mabawa yalimwambia ni ya chini, mara tatu yalimwambia, na yeye akayakatalia akamwamini mzee Solomoni. Machozi yalimtoka bila kulia. Furaha ilikuwemo usoni mwake, nawaapia niliiona, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko tusi lolote, maana ilikuwa furaha iliyochelewa miaka thelathini.

Kisha akanigeukia. "Nilikuuliza, Ephraimu. Nilikuja mpaka dirishani nikakuuliza."

Tangu nimfahamu hakuwahi kuniita jina langu kavu namna ile. Nikaingiza mkono kwenye koti nikatoa isale, nikalinyoosha kwa mikono miwili. Alilitambua kabla sijalitoa lote.

"Lirudishe mfukoni. Hilo nikilipokea lazima nikusamehe, na mimi leo sitaki kulazimishwa. Leo kuna kazi." Akachana kipande cha karatasi, akachonga penseli, akavisukuma vyote viwili mbele yangu. "Lebo ya kwanza uliandika wewe. Na hii andika wewe."

Niliandika nimesimama. Olkokola, chini, shambani, karibu na zizi. Tarehe ile ya tisini na tano, na tarehe ya leo, na jina langu lote. Mwandiko ulitoka mbaya kuliko ule wa zamani. Tekla aliisoma, akaniambia neno zizi halisomeki, niandike tena. Nikaandika tena.

Nice alikuwa amejibana kwenye kiti wakati wote huo. Sasa alifungua kompyuta yake akabadilisha neno moja, akatuonyesha. Nukta za kasha la kumi na nne hazikusogea hata kidogo. Zilikuwa pale pale zilipokuwa, katikati ya nyuki wa chini, isipokuwa sasa zilikuwa nyumbani kwao. Alisema mwaka wa tisini na tano utabaki, na kwamba upande wa magharibi hakuwa na nyuki wa shambani hata mmoja wa zamani, kwa hiyo kasha lile ameliokota. Alianza kunishukuru, kisha akamwona Tekla, akaacha.

Niliondoka kwa miguu mpaka barabarani. Mlima ulikuwa wazi siku ile, mweupe kidogo kileleni kwa baridi, na niliutazama upande wa magharibi nikijaribu kukisia ule mzinga wa juu ulikuwa wapi. Sikuwahi kuuona. Loserian alishafariki, msitu wenyewe umepanda juu zaidi, na Nice ameniambia nyuki wa juu siku hizi mabawa yao yameanza kufanana na ya wale wa chini. Nilijihurumia kidogo, halafu nikaona huruma hiyo si mahali pake.

Wiki tatu zilipita bila neno. Mke wangu nilimweleza yote, na kwa siku mbili alinipikia bila kunisemesha. Aliniambia angejua kipaimara cha mwanawe kililipiwa na mtu mwingine asingekula ule ubwabwa. Sokoni Tekla hakuonekana. Isale nililiweka kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba lisinyauke, na kila asubuhi nilikwenda kulitazama kama mtu mwenye mgonjwa.

Jumamosi ya nne simu ikaita.

"Baba Agnela," alisema, "njoo na lile jani lako. Kama umelitupa, kata jingine."

Olasiti sasa ni nyumba na nyumba na ukuta, lakini kwake bado kuna mgomba na mahindi machache. Alinipokea mlangoni. Nikalitoa jani kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama lile fundo, akalipeleka ndani akaliweka juu ya kabati penye picha ya mumewe. Hakusema amenisamehe. Alisema tu kwamba Nice ameandika jina lake kwenye kazi ile, pamoja na majina ya wasomi, na kwamba amelisoma mara nyingi kuhakikisha ni lake.

Kisha akaleta chai. Tukazungumza habari za Land Rover lile, na baridi ya mwezi wa saba, na siku nyuki walipomfukuza mzee Solomoni mpaka getini akiwa na kiatu kimoja. Tekla alicheka mpaka akajipangusa macho, na mimi nikacheka, na kwa muda nilikuwa na miaka thelathini na tisa.

Akanisogezea kopo. SUKARI, mbele. Nililigeuza kidogo. SUKARI, nyuma. Karatasi ilikuwa mpya, imebadilishwa juzi tu, na wino wake ulikuwa bado mweusi sana. Aliona ninachotazama.

"Mkono umeshazoea," alisema.

Nikatia vijiko viwili, nikafunga kifuniko na lebo yake ikiwa juu, nikakoroga chai.